Maneno Tisini na Mawili

Kufikia saa tatu asubuhi ya Jumanne ile, Inspekta Anaeli Mmari alikuwa na kesi iliyokamilika na kero moja tu: shahidi wake mkuu hakuweza kutamka hata "aa".

Faili lilikuwa kwapani. Ndani yake mlikuwa na maiti, spana, ugomvi na mtu aliyeona. Maiti ilikuwa ya Anselmi, karani wa bandarini, mpangaji wa chumba cha mbele, aliyekutwa Jumamosi jioni amelala kifudifudi uani, kisogo kimepasuka. Spana ilikuwa ya Filbert, fundi redio wa Gerezani. Ugomvi ulikuwa baina ya hao wawili, siku mbili kabla, juu ya redio iliyokwenda kwa fundi mara tatu na kurudi mgonjwa vilevile. Na aliyeona alikuwa mwenye nyumba, Mzee Bushiri bin Sadalla, ambaye kitanda chake kinatazama uani kupitia dirisha la nondo, na ambaye tangu kiharusi kimwangushe miaka mitatu iliyopita hajawahi kuinua chochote isipokuwa kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto.

Mlikuwa pia na kidaftari cha marehemu chenye alama za marobota ya khanga yaliyoshuka melini na hayakufika ghalani. Kila aliyekisoma alisema ni kazi za ofisini tu.

Bosi wake alitaka faili limfikie mwendesha mashtaka kesho saa mbili. Filbert angesomewa shitaka la kuua, na shitaka la kuua halina dhamana. Anaeli alikuja Mtaa wa Sikukuu kuhakikisha, basi. Alikuwa mtu wa kuhakikisha. Mkewe husema hata njegere huzihesabu kabla ya kupika.

"Karibu, Ndugu Inspekta," Safari alimpokea mlangoni. Huyu alikuwa kibarua wa bandarini wa miaka thelathini hivi, mtoto wa marehemu mdogo wake Mzee Bushiri, na ndiye aliyewasomea polisi maneno ya Mzee Jumapili, siku ya kuandika maelezo. "Umesema unataka sanduku lake la kusemea liwe hai. Nimekwenda kuifuata betri tangu alfajiri. Kaa kiti hiki cha mlangoni, pana upepo. Mimi nitakusomea."

Anaeli alikitazama kile kiti, akaenda kukaa kitandani.

Chumba kilikuwa kidogo na cha moto. Chini, juu ya mkeka, alikaa Bi Tatu, mke wa Mzee, mwanamke mnene mwenye kitabu cha kisomo cha watu wazima mapajani. Alikuwa Bagamoyo matangani siku mauaji yalipotokea, amerudi jana yake. Juu ya kigoda, sawa na mto wa mgonjwa, lilisimama sanduku la mbao lenye kioo. Juu ya kioo zilipakwa herufi ishirini na nne, na nyuma ya kila herufi palikuwa na balbu ya tochi. Filbert alikuwa amelitengeneza kwa vyuma vya mtambo mkongwe wa simu uliotupwa: mkono mmoja wa chuma unaruka hatua kwa hatua, ukiwasha balbu moja baada ya nyingine, na Mzee akiona herufi anayoitaka anabonyeza kitufe cha kengele kilichofungwa kidoleni. Taa inasimama hapo. Kisha inaanza upya.

"Shikamoo, Mzee," alisema Anaeli.

Tak. Tak. Tak. Taa ilitembea kama mtu anayepanda ngazi na mzigo. Ilipofika ya kumi na tatu, kidole kikabonyeza.

"Anasema marahaba," Safari alidakia.

Kidole hakikujali. Kiliendelea na herufi ya pili, na ya tatu, na ya nne, mpaka MARAHABA ikatimia yote, karibu dakika nzima.

"Humkatizi huyo," Bi Tatu alisema, na kwa mara ya kwanza alitabasamu. "Hata ukimkisia neno, atalimaliza. Alikuwa fundi simu. Miaka ishirini na sita hakumkatia mtu laini, na yake haikatwi."

Anaeli alifungua mdomo aulize swali lake, na taa ikaanza tena. Akaufunga. Alilelewa Machame na bibi mkali. Mkubwa akisalimu, unangoja. Lakini macho yalimponyoka yakaenda kwenye saa ya mkononi. Saa tatu na dakika kumi na mbili. Taa ilipanda, ikashuka, ikapanda. Nje muuza kahawa alipita akigonga vikombe vyake, akaenda, sauti ikapotea kabisa. HABARI ZA NYUMBANI. Saa tatu na robo.

"Nzuri, Mzee. Wote wazima. Sasa niambie. Jumamosi jioni, uliona nini pale uani?"

Macho ya Mzee, ambayo ndiyo peke yake yaliyobaki na mwendo usoni pake, yalikwenda kwa Safari, yakarudi kwa Anaeli. Taa ikaanza.

"Ngoja nilinyanyue kidogo, linainama," Safari alisema. Aliinama, akalishika sanduku kwa mikono miwili, mmoja ubavuni, mmoja nyuma.

Tak. Tak. Kisha mkono wa chuma ukakwaruza, na taa ikaganda kwenye herufi ya tatu. Kidole kikabonyeza. Kikabonyeza tena, na tena, kwa haraka ambayo Anaeli hakujua kama kidole kile kilikuwa nayo. Taa haikusogea.

"Limekufa," alisema Safari kwa huzuni ya msibani. "Ndiyo tabia yake. Na wa kulifufua ni huyohuyo mliyemfungia. Lakini maelezo si mnayo, afande? Maana mimi Mzee namhamisha. Nampeleka shamba, Rufiji. Serikali inasema turudi kwenye ardhi, nami ni nani nibishe. Balozi wa nyumba kumi ameshaniandikia barua."

"Nani kakubali?" Bi Tatu aliinuka. "Na sanduku?"

"Kule betri utachajia kwenye muhogo, mama?"

Mzee Bushiri alifumba macho kwa nguvu, akayafumbua, akayafumba.

"Usiyatazame hayo, afande, ni maradhi," Safari alisema.

"Maradhi yako wewe," Bi Tatu alimjibu, kisha akamgeukia Anaeli. "Mume wangu yumo humu ndani, mzima, na akili zake zote. Akitolewa hapa bila sanduku, mtakuwa mmemzika na roho yake. Nakwambia wewe uliyekuja na faili."

Anaeli alitoka nje barazani.

Koplo Polycarp alikuwa amekaa kwenye ubao wa baraza, kofia gotini. Yeye ndiye aliyeandika maelezo ya Jumapili, kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyesomeshwa na masista.

"Haya uliyaandika wewe?"

"Ndiyo, afande."

"Yalianza saa ngapi?"

"Nimeweka hapo juu. Saa nne kamili."

"Yakaisha?"

"Saa nne na dakika ishirini na tano."

"Wewe ulikaa wapi?"

Polycarp alizitazama buti zake. "Hapahapa, afande. Mle ndani joto, na meza haiingii. Safari alikuwa akisoma kwa sauti, mimi naandika."

"Kwa hiyo taa hukuziona."

"Nilizisikia. Tak, tak, tak."

"Hata saa ya ukutani inasema hivyo. Balozi naye, aliyetia saini kwamba ameshuhudia?"

"Tulikaa naye ubao mmoja."

Anaeli alitoa penseli, akaanza kuhesabu maneno ya maelezo, akitia nukta juu ya kila moja. Alihesabu mara mbili, kwa sababu ndivyo alivyo. Maneno tisini na mawili.

"Habari za nyumbani ni maneno mangapi, Polycarp?"

"Matatu."

"Mzee amenisalimu kwa dakika tatu. Nimetazama saa, kwa ukosefu wangu wa adabu. Neno moja, dakika moja. Haya, maneno tisini na mawili?"

Polycarp alisogeza midomo. Jasho lilianza kumtoka juu ya mdomo, na si la joto. "Saa moja na nusu, afande."

"Na wewe uliyapata kwa dakika ishirini na tano. Ama Mzee Bushiri siku ile aliota mbawa, ama aliyekuwa akisema hakuwa Mzee Bushiri."

"Basi tumtoe Filbert."

"Kwa lipi? Nikamwambie hakimu nilihesabu salamu? Maelezo yana dole gumba na saini mbili. Wa kuyakana ni mmoja tu, naye mdomo wake umekwama kwenye herufi ya tatu. Wewe baki hapa. Mtu asihamishwe."

Kituoni, Filbert alikuwa amekaa pembeni mwa selo, mbali na ndoo, magoti kifuani. Siku tatu zilikuwa zimemkausha. Vidole vyake vilikuwa bado na alama za lehemu.

"Sanduku la Mzee limekufa," Anaeli alisema kupitia nondo. "Nataka uje ulitengeneze."

"Sitengenezi."

"Kwa nini?"

"Nitengeneze ili linitaje tena?" Filbert hakuinua kichwa. "Yule mzee ndiye aliyenishikisha koleo nikiwa sijui umeme unaingilia wapi. Alipoanguka nilikwenda jalalani Gerezani wiki tatu kutafuta vile vyuma. Nikampa mdomo. Neno la maana la kwanza kuwapa polisi, ni jina langu. Sasa unataka nikaunoe mdomo huohuo. Niacheni nife na uvivu wangu."

"Taa yako inaruka herufi ngapi kwa dakika?"

Hapo kichwa kikainuka. Fundi ni fundi. "Sitini. Moja kwa sekunde."

"Haiwezi kukimbia zaidi?"

"Nilijaribu kuiharakisha, Mzee akakataa. Kidole hakiwahi. Na mkono wenyewe ukiukimbiza unaruka herufi."

"Haya. Maneno tisini na mawili, kwa dakika ishirini na tano."

Anaeli aliona macho ya Filbert yakipiga hesabu, yakirudia, kisha yakijaa maji. Hakuyafuta.

"Njia ya mwongo fupi," alisema mwishowe. "Basi hakunitaja?"

"Sijui. Ndicho ninachotaka kumwuliza."

"Na kama alinitaja kweli?"

"Basi utakuwa umejitengenezea kitanzi mwenyewe, na mimi nitakuwa nimekushikia taa."

Filbert alinyoosha mikono yote miwili kupitia nondo, afungwe pingu. "Nitafutie bisibisi ndogo," alisema.

Ruhusa haikupatikana upesi. Bosi alikuwa mkutanoni, na mkutano wa wakubwa haubishiwi hodi. Ilipogonga saa tisa, Anaeli alitia saini yake mwenyewe kwenye kitabu cha mahabusu. Sajini wa zamu aliisoma saini ile taratibu, akamwambia kwa upole kwamba mtu huyu akiponyoka, pale pembeni mwa ndoo patakuwa pake yeye.

Waliporudi Mtaa wa Sikukuu, lori la Rufiji lilikuwa linangojwa. Safari alikuwa amekwisha kufunga godoro moja kwa kamba, na alikuwa akibishana na Polycarp, aliyesimama katikati ya mlango na mikono kiunoni. Alipomwona Filbert, kamba ikamponyoka mkononi.

"Afande, muuaji unamleta kwa shahidi?"

"Namleta fundi kwa sanduku. Ingia ndani nawe. Polycarp, simama hapo mlangoni."

Hivyo waliingia wote katika kile chumba kisichotosha watu watatu. Mlango ulikuwa na Polycarp, dirisha lilikuwa na nondo. Safari alikwenda kujibana ukutani, karibu na kichwa cha kitanda. Mzee Bushiri aliwatazama wakiingia mmoja mmoja, na macho yake yalipofika kwenye pingu za Filbert hayakuondoka tena.

Filbert alipiga magoti, akaligeuza sanduku, akafungua skrubu nne za nyuma kwa mikono iliyofungwa. Alichungulia. Akaingiza bisibisi, akavuta kitu taratibu.

"Hiki hakikuzaliwa humu," alisema.

Kilikuwa kipande cha karatasi ngumu ya kaki, kimekunjwa mara nne, kimesokomezwa kwenye meno ya ule mkono wa chuma. Anaeli alikikunjua. Lebo ya robota, yenye alama ya wino wa zambarau. Alifungua faili, akatoa kidaftari cha Anselmi, akaiweka lebo juu ya ukurasa wa pili. Alama ilikuwa ni ileile. Alimtazama Safari, kisha mifuko ya suruali ya Safari, kisha akakifunga kidaftari.

"Waya wa betri umelegea," Filbert aliendelea, kichwa kikiwa bado sandukuni. "Mama, nipe spana."

Bi Tatu alipeleka mkono uvunguni mwa kitanda bila kutazama, mkono uliozoea njia. Ulipapasa. Ukatoka mtupu.

"Haipo. Siku zote hukaa hapa. Aliiacha mwenyewe Filbert, tangu sanduku lilipokuja."

"Kwa hiyo si lazima aje nayo kutoka Gerezani," alisema Anaeli.

"Aje nayo ya nini? Kila anayeishi humu anajua ilipo."

Filbert alikaza waya kwa vidole. Aliligeuza sanduku kuelekea mto, akasogea nyuma juu ya magoti. Tak. Tak. Tak. Taa ilikuwa inatembea.

"Shikamoo, Mzee," alisema.

MARAHABA, ikasema taa, kwa mwendo wake. Kisha ikaanza tena, na Bi Tatu akawa anasoma kwa kidole hewani, silabi kwa silabi, kama wafanyavyo darasani kwao.

"Fi... l... be... rt," alisoma. Akangoja. Wote walingoja. Anaeli alijikuta ameshika ukingo wa kitanda. Jina lilikuwa limekwisha kutajwa mbele ya polisi wawili, na kidole bado kilikuwa na la kusema. Filbert alikuwa ameinamisha shingo.

"U... me... ku... la." Bi Tatu aliunganisha silabi. "Filbert, umekula?"

Filbert aliweka uso wake kwenye ukingo wa godoro, akalia waziwazi, mikono na pingu zake imebaki mapajani.

Taa ikaanza tena. Ilipanda, ikapita ya tano, ikapita ya kumi, haina haraka na mtu. Safari aliitazama. Alitazama mlango, na Polycarp alikuwa palepale. Alitazama dirisha. Tak. Tak. Jasho lilimlowesha shati mpaka kiunoni. Taa ikasimama, ikarudi mwanzo, ikaanza kupanda tena.

"Basi," alisema Safari. "Baba, basi."

Tak. Tak. Tak.

"Afande, mwambie aache. Niulize mimi. Niulize mimi, nitasema."

"Sikulazimishi kusema," Anaeli alianza, na akamsomea onyo lote, neno kwa neno, kama lilivyo kitabuni. Polycarp alikuwa amekwisha kutoa kalamu.

Ilichukua dakika sita. Marobota manane ya khanga aliyoyaiba yalikuwa yamelala siku kumi chini ya makuti ya banda la uani. Anselmi alikwenda bandani kutafuta kigae, akaziona alama, akazikumbuka. Alisema Jumatatu ataripoti. Safari alimwomba, akamshika mkono, Anselmi akauvuta. Spana, aliyokuwa ameitoa uvunguni kukazia mlango wa banda, ilikuwa karibu.

"Sikukusudia," alisema. "Nilipogeuka nikamwona Mzee dirishani, ananitazama. Siku tatu ananitazama. Nikifumba macho naye namwona."

Anaeli alitoa ufunguo. Alizifungua pingu za Filbert, akazifunga kwenye mikono ya Safari, na kwa kuwa zilikuwa zingali na joto la yule wa kwanza, Safari alishtuka. Kesi ilikuwa imekwisha. Polycarp alifunga daftari lake, Anaeli akainuka kitandani na kuweka faili kwapani.

Tak. Tak.

Wote waligeuka. Taa ilikuwa inapanda, na kidole kile kidogo kikibonyeza kwa nguvu zake zote. Iliwachukua dakika tatu kuyapata maneno matatu, na mara hii Bi Tatu hakuhitaji silabi.

SASA ANDIKENI YANGU.

"Lakini afande," Polycarp alinong'ona, "si tunayo ya Safari? Ameshakiri. Tena saa kumi imeshapita."

Anaeli alimtazama mzee aliyelala pale, ambaye kwa siku tatu mtu mwingine alikuwa akisema kwa kinywa chake, na ambaye hata yeye Anaeli alitaka kuondoka akimwacha na neno lake. Aliona haya, haya ya kweli, ya mtoto aliyepita mbele ya mkubwa bila kuamkia. Akarudi kukaa.

"Leta karatasi safi."

"Meza haiingii, afande."

"Andikia magotini. Na ukae hapa unapoona taa."

Polycarp alikaa mkekani, karibu na Bi Tatu, akaandika saa juu ya karatasi. Filbert alikaa sakafuni, mkono mmoja juu ya sanduku. Taa ikaanza, na kwa dakika nane nzima watu sita ndani ya chumba kile walingojea sentensi ya kwanza ikitoka herufi kwa herufi: MIMI BUSHIRI BIN SADALLA NINA AKILI ZANGU TIMAMU.

Bi Tatu alijifunika uso kwa upindo wa khanga, mabega yakimtikisika.

Maelezo yalianza saa kumi na dakika ishirini, yakaisha saa kumi na mbili kasoro dakika tano. Polycarp aliyahesabu maneno bila kuambiwa, yakawa themanini na nane. Safari aliyasikia yote akiwa wima na pingu zake, maana hakuna aliyethubutu kumtoa mtu chumbani kabla Mzee hajamaliza.